Yai Kwenye Kope la Jicho

Fundi wa kutotolesha wa Misri hakuwa na kipimajoto. Alitoa yai tanurini, akaligusisha kwenye kope la jicho lake, akajua. Likimchoma, moto ulipunguzwa. Likiwa limepoa, kinyesi kikavu cha mifugo kiliongezwa motoni.

Kazi hiyo ni ya kale. Aristotle, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, alikwisha kuandika kwamba Wamisri huangua mayai kwa kuyafukia kwenye samadi. Baadaye zikaja tanuri za matofali ya udongo: ujia katikati, vyumba vya ghorofa mbili huku na huku, mayai chini, moto juu. Tanuri moja ilibeba maelfu ya mayai kwa mkupuo, na mafundi waliyageuza na kuyahamisha usiku na mchana. Ujuzi ulirithishwa baba kwa mwana. Watu wa kijiji cha Berma, katika Delta ya Nile, walisifika kwa kazi hii hata Ulaya.

Walichokuwa wakiiga ni kazi ya tetea. Anapoatamia, manyoya ya kifuani humtoka ili ngozi iguse mayai moja kwa moja. Huyageuza kwa mdomo mara nyingi kwa siku, kiinitete kisije kikagandamana na ganda. Joto hukaa karibu nyuzi 37.5 za Selsiasi, na siku ya 21 vifaranga hutoka. Anayetaka kushika nafasi yake lazima amudu joto, unyevu, hewa na kugeuza, vyote kwa pamoja.

Ulaya ilihangaika na joto kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 17 Mholanzi Cornelis Drebbel alibuni tanuri iliyojirekebisha joto yenyewe, na alikusudia kuangulia mayai humo. Mwaka 1749 mwanasayansi Mfaransa Réaumur alichapisha kitabu kizima kuhusu kuangua ndege wa kufugwa. Yeye alitumia joto la samadi inayooza na kulifuatilia kwa kipimajoto. Hatua iliyoifikisha kazi hii kwa mfugaji wa kawaida ilikuja mwaka 1881, Charles Hearson wa Uingereza alipotengeneza kidonge cha metali chenye kimiminika ndani. Joto likizidi, kidonge kilivimba na kufungua tundu la kutolea hewa ya moto. Jicho la fundi likapata msaidizi.

Tukio kubwa kuliko yote katika historia hii, hata hivyo, halikuhusu kuku. Mwaka 1878 daktari wa uzazi Stéphane Tarnier aliona mashine ya kuangulia vifaranga katika bustani ya wanyama ya Paris. Akawaza watoto njiti waliokuwa wakifa kwa baridi wodini. Akaomba atengenezewe kama ile, na mwaka 1880 ikaanza kazi katika hospitali ya Maternité. Vifo vya watoto waliozaliwa na uzito chini ya gramu 2,000 vilishuka kutoka asilimia 66 hadi 38. Mama yeyote aliyewahi kusimama kando ya kisanduku cha kioo akimtazama mwanawe anadaiwa shukrani na wafugaji wa kuku.

Leo Tanzania na Kenya mashine za kuangulia vifaranga zimeingia majumbani. Seremala huunda sanduku la mbao, fundi umeme akafunga balbu, feni ndogo na themostati, na bakuli la maji likawekwa chini kwa ajili ya unyevu. Pasipo umeme, taa ya mafuta hufanya kazi hiyo. Sanduku la namna hii linaweza kuzaa matunda mazuri, lakini wengi huharibu kwa pupa: wanapanga mayai siku ileile lilipotoka kwa fundi.

Liwashe kwanza siku nzima, ukiangalia kipimajoto asubuhi, mchana na usiku. Geuza mayai angalau mara tatu kwa siku, uache siku ya 18. Siku ya saba yamulike kwa tochi gizani, uondoe yasiyo na mishipa ya damu kabla hayajawa viza. Umeme ukikatika, lifunike sanduku kwa blanketi wala usilifungue. Na joto lisipande kupita kiasi, kwa maana yai huvumilia zaidi kupoa kidogo kuliko kuungua.