Kodi Juu ya Kodi

Nyumba ninayopanga Mabibo ina vyumba sita na mita moja ya umeme. Wapangaji tunanunua LUKU kwa zamu. Mwanzoni mwa mwezi hakuna anayeikimbilia zamu yake, maana sote tunajua kwamba anayenunua kwanza ndiye anayekatwa shilingi 1,500 za kodi ya majengo. Mwezi uliopita zamu ilimwangukia jirani yangu anayeuza vitumbua. Alinunua umeme wa 5,000, akasoma ujumbe kwenye simu, kisha akauliza kwa sauti iliyofika barazani: "Hivi mimi nimejenga wapi?"

Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na swali lile lilinikaa kichwani kuliko yote niliyoulizwa darasani muhula huo. Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili: kodi anayolipwa mwenye nyumba na kodi inayolipwa serikali. Kwenye mita yetu maneno hayo mawili yamekutana. Mpangaji analipa kodi, halafu analipa kodi.

Kutoza nyumba ni jambo la zamani katika nchi hii. Mwaka 1897 utawala wa Kijerumani ulitangaza kodi ya nyumba na vibanda, na mwaka uliofuata ikaanza kukusanywa. Kibanda kimoja kijijini kilitozwa rupia 3. Asiyekuwa na rupia alitoa mazao au nguvu zake. Shabaha haikuwa kujaza hazina peke yake. Wakoloni walitaka pia watu waitafute fedha, na fedha ilipatikana kwenye mashamba ya walowezi na kwenye kazi za serikali. Uganda nako, mkataba wa 1900 uliweka rupia 3 kwa kila kibanda, na familia zikaanza kubanana katika vibanda vichache ili hesabu ipungue.

Kibanda kilichaguliwa kwa sababu ni rahisi kuhesabika. Karani hakuhitaji kujua mwenyewe ana ng'ombe wangapi wala shamba lake linazaa nini. Alihesabu mapaa, akazidisha kwa tatu. Mwenye neema na mkiwa, kama kila mmoja ana kibanda kimoja, walilipa sawa.

Mjini Dar es Salaam hadithi ilichukua njia nyingine. Chini ya Wajerumani, kisha Waingereza, mji uligawanywa kwa kanuni za ujenzi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kila eneo lilikuwa na aina yake ya nyumba inayoruhusiwa, ukubwa wake wa viwanja, barabara zake na mifereji yake. Kwa hiyo tofauti ya thamani kati ya Oysterbay na Kariakoo ilichorwa kwenye ramani kabla bei ya soko haijaiongeza.

Baada ya Uhuru, halmashauri za miji zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, zikarudishwa 1978. Mwaka 1983 ikatungwa sheria iliyozipa mamlaka za miji uwezo wa kutoza majengo kwa thamani yake. Kwa sheria hiyo ankara ya eneo moja iliweza kutofautiana na ya eneo jingine: nyumba ya thamani kubwa ilipe zaidi, ya thamani ndogo ilipe kidogo. Lakini kuthamini nyumba kunahitaji wathamini, ramani, anwani na fedha. Nyumba nyingi za mji huu hazikuwahi kuingia kwenye daftari la uthamini, zikabaki kutozwa kiwango mfuto. Nairobi, waliokuwa na daftari, walipata tatizo la aina yake: thamani za ardhi za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ziliendelea kutumika kwa miongo kadhaa, huku mji ukibadilika juu yake.

Kwetu, ukusanyaji ulihama kutoka halmashauri kwenda TRA kwa majiji na manispaa za Dar es Salaam mwaka 2008, ukarudi halmashauri 2014, ukahamia tena TRA 2016. Kufikia 2018 kiwango mfuto kikawa ndiyo kanuni: 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, 50,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mjini. Mwaka 2021 viwango vikawa 12,000 na 60,000, na makato yakaingizwa kwenye LUKU. Mwaka 2023 vikapanda hadi 18,000 na 90,000. Gawanya 18,000 kwa miezi 12, utaipata 1,500 ya jirani yangu.

Nilifanya hesabu ya mfano. Chukua nyumba ya Mabibo ya shilingi milioni 20 na nyumba ya chini, isiyo ya ghorofa, ya milioni 500 kule Masaki. Kwa asilimia 0.15 ya thamani, ya kwanza ingelipa 30,000 na ya pili 750,000. Leo zote zinalipa 18,000. Nilitarajia kukasirika moja kwa moja, lakini hesabu ilinikatiza: kwa mfano huu nyumba ya Mabibo imepata nafuu ya 12,000. Aliyepata nafuu ya 732,000 ni wa Masaki. Kiwango mfuto kinampunguzia mnyonge kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachofanya punguzo la mwenzake lisisemwe.

Nilimwendea mama mwenye nyumba, maana kisheria kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Hakubisha. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa nailoni wenye risiti za zamani za halmashauri. Nilizikagua moja moja kama mtu aliyeingia Nyaraka za Taifa. Mahali pa thamani ya jengo palikuwa patupu kila mwaka. "Hawajawahi kuja kuipima," alisema. "Walikuja kuihesabu tu."

Tulikubaliana hivi: anayekatwa ataonyesha ujumbe wa simu, na mama atampunguzia 1,500 kwenye kodi ya chumba. Mwezi huu zamu ilikuwa yangu. Nilinunua tarehe 1 asubuhi, nikampelekea simu. Alivaa miwani, akausoma ujumbe mpaka mwisho, akaandika kwenye daftari lake. Kisha akaniuliza huko Masaki wanakatwa ngapi. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akaniomba nirudie.