Troff

Troff ni programu ya kompyuta ya kupanga chapa, yaani ya kugeuza matini ghafi kuwa kurasa zilizo tayari kuchapishwa, ambayo huendeshwa kwa amri zinazoandikwa kwa kibodi na haina vitufe vya kubofya. Iliandikwa na Joe Ossanna katika maabara za Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiwa ya ukoo wa RUNOFF, programu ambayo Jerome Saltzer aliibuni huko MIT mwaka 1964. Ahadi ya kupanga nyaraka, hasa maombi ya hataza, ndiyo iliyowapatia wabunifu wa mfumo endeshi wa Unix, katika maabara hizo hizo, kompyuta yao ya PDP-11, hivyo si kosa kusema kwamba mfumo huo mashuhuri ulilelewa na ukarani.

Mwandishi huandika matini katika faili la kawaida na kuingiza maelekezo katika mistari inayoanza kwa nukta: .ce huweka mstari katikati, .sp huacha nafasi, na .bp huanzisha ukurasa mpya. Kwa kuwa maelekezo hayo ni mafupi mno na hayakumbukiki kwa urahisi, hukusanywa katika makro, yaani amri moja inayobeba nyingine nyingi. Majedwali hupitia kwanza programu saidizi ya tbl, na milinganyo ya hisabati hupitia eqn, kabla ya kufika troff yenyewe.

Ossanna alipofariki mwaka 1977, Brian Kernighan aliirekebisha ili isifungwe na mashine moja ya kuchapa. Toleo huria la groff, lililoandikwa na James Clark, ndilo ambalo mara nyingi huonyesha kurasa za mwongozo katika Linux.