Sauti mbili kwenye mistari mitano: vijiti vya nota vielekee wapi?

Kwaya nyingi za Afrika Mashariki zimejifunza nyimbo kwa solfa, mfumo ulioenezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19. Kwenye solfa kila sauti ina mstari wake, hivyo mwimbaji wa alto hana shaka asome wapi. Mwalimu anapohamia kwenye nota za mistari mitano, mara nyingi soprano na alto hukaa pamoja kwenye mistari ya juu, tena na besi kwenye ya chini. Hapo kinachowatenganisha ni kijiti, ule mstari mwembamba unaosimama kwenye kichwa cha nota.

Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kuvipanga vijiti hivyo kwa MuseScore, programu ya bure inayotumika kuandika muziki kwenye kompyuta.

Kanuni yenyewe

Sauti ikiwa moja tu, nota zilizo chini ya mstari wa kati huelekeza vijiti juu, na zilizo juu yake huvielekeza chini. Sauti zikiwa mbili, kanuni hiyo huwekwa kando: vijiti vya soprano huenda juu na vya alto chini, hata pale alto inapopanda kuipita soprano. Zikikutana kwenye nota moja yenye urefu uleule, kichwa kimoja hubeba vijiti viwili.

Namna ya kuandika

MuseScore huruhusu hadi sauti nne kwenye mistari mitano mimoja. Sauti ya 1 na ya 3 huelekeza vijiti juu, ya 2 na ya 4 chini. Bonyeza N kuanza kuandika, kisha uandike soprano yote katika sauti ya 1. Rudi mwanzo wa kipimo, bonyeza Ctrl+Alt+2, uandike alto. Programu itageuza vijiti yenyewe.

Faida huonekana soprano inaposhikilia nota ya mapigo manne huku alto ikiimba nota nne za pigo mojamoja. Ndani ya sauti moja haiwezekani kuandika hivyo, kwa sababu nota zinazoanza pamoja hushikamana na kupewa urefu mmoja.

Kugeuza kijiti si kuhamisha sauti

Hapa ndipo wengi hukwama. Herufi X hugeuza kijiti cha nota uliyoichagua, lakini nota hubaki katika sauti ileile. Kwa macho karatasi inapendeza, na kompyuta ikipiga wimbo husikii tofauti. Tatizo hujitokeza baadaye, unapotaka kubadili urefu wa nota ya alto peke yake, au kumwekea maneno yake tofauti na ya soprano.

Kama nota zimeingia sauti isiyo yake, toka kwanza kwenye hali ya kuandika, zichague, kisha bonyeza namba ya sauti unayoitaka kwenye upau wa juu. Hapo zimehama kweli.

Alama za kimya

Alama za kimya za sauti ya 2 zinaweza kufutwa, na wengine huzifuta ili karatasi iwe safi. Kwa kwaya tunashauri ziachwe. Zikifutwa, mwimbaji wa alto hajui kama anyamaze au aimbe pamoja na soprano, na mazoezi husimama kwa swali ambalo karatasi ingelijibu.

Kabla ya kuchapa

Chagua kipimo kimoja baada ya kingine na uangalie rangi. Nota za sauti ya 1 huwa za bluu, za sauti ya 2 kijani. Alto ikionekana ya bluu, nota hizo bado ziko kwa soprano, hata kama vijiti vyake vinatazama chini. Zihamishe kwanza, ndipo utoe nakala za kwaya nzima.