Goti la Pembe na Shauri la Kungoja

Wazee wengi wanaoishi na goti bovu hupewa shauri moja na jamaa zao, na mara nyingine hata na matabibu wao, nalo ni kustahamili mpaka miguu ishindwe kabisa, ndipo wafikirie kutiwa goti la bandia. Shauri hilo halikutolewa kwa nia mbaya, wala halikuzuka bila sababu. Lina tarikhi yake, na mtu aijuaye tarikhi hiyo huweza kupambanua ni sehemu ipi ingali na haki ya kusikilizwa, na ni ipi iliyopitwa na zama zake.

Mwezi wa Mei 1890, mjini Berlin, mpasuaji Themistocles Gluck alilifungua goti lililoliwa na kifua kikuu, akaziondoa ncha za mifupa zilizoharibika, na mahali pake akaweka kiungo cha bawaba kilichochongwa kwa pembe ya ndovu, akakikaza kwa mchanganyiko wa jasi, ulimbo wa msonobari na jiwe la volkano lililosagwa. Zama hizo pembe zilisafirishwa kwa wingi kupitia Unguja kwenda Ulaya na Marekani, zikawa vibao vya piano na mipira ya biliadi. Gluck aliitafutia pembe kazi adhimu kuliko hizo. Lakini katika mji huohuo, miaka minane tu nyuma, Robert Koch alikuwa amekitambulisha kijidudu cha kifua kikuu, na dawa ya kukiua haikupatikana mpaka miaka ya 1940. Kwa hiyo pembe ilitiwa katika kiungo ambacho maradhi yalikuwa hayajatoka, usaha ukarejea, na kazi ikaharibika. Mkubwa wake, Ernst von Bergmann, alimzuia asiihutubie kongamano la matabibu wa mataifa lililokutana Berlin mwaka uleule. Naona alidhulumiwa, kwani fikira yake ilikuwa sahihi, ila ilitangulia dawa na ilitangulia madini.

Zaidi ya nusu karne ilipita. Mwaka 1951 Börje Walldius wa Sweden alitengeneza bawaba ya akriliki, ambayo baadaye ilifanywa ya madini, na mwaka 1954 Mwingereza Shiers akatoa yake ya chuma. Wagonjwa waliinuka, wakatembea, wakashukuru. Kisha, kwa wengi wao, kiungo kikaanza kulegea. Sababu yake ni kwamba goti la mwanadamu haliendi kama bawaba ya mlango, mbele na nyuma tu: mfupa wa paja hubingirika na kuteleza juu ya muundi, na mguu hujipinda kidogo kila unapokunjwa na kunyooshwa, hata nguvu ile ya kujipinda, isipopata njia katika chuma, huangukia pale chuma kiliposhikana na mfupa, ikapang'oa siku baada ya siku. Kuking'oa kiungo kilicholegea kulikuwa kupoteza mfupa mwingine tena. Tabibu mwenye dhamiri, aliyejua kwamba hana la maana la kumpa mgonjwa wake mara ya pili, angesema nini isipokuwa kwamba angoje, na kwamba kisu kiwekwe akiba ya ukongwe? Hapo ndipo shauri la kungoja lilipopata nguvu, nalo kwa wakati ule lilikuwa shauri la haki.

Mabadiliko yalitokea kwanza kwenye nyonga. John Charnley, katika hospitali ya Wrightington huko Lancashire, alivikaza viungo kwa saruji ya akriliki iliyokuwa ikitumiwa na matabibu wa meno, na mwaka 1962 akaanza kutumia plastiki ngumu ya polietilini dhidi ya chuma. Frank Gunston, Mkanada aliyekuja kujifunza kwake, aliyahamisha maarifa hayo kwenye goti mwaka 1968, akaiacha bawaba, akaivika mifupa nyuso mpya ziwezazo kubingirika. Mwaka 1974 John Insall na wenzake mjini New York walianza kutia goti ambalo magoti mengi ya leo ni wajukuu zake.

Wasweden nao, tangu 1975, walianza kuandika katika daftari la taifa kila goti lililotiwa na kila lililorudiwa, na mataifa mengine yakawafuata. Kwa madaftari ya namna hiyo ilijulikana mwaka 2019 kwamba takriban magoti 82 katika kila 100 hudumu miaka 25. Uchunguzi wa Uingereza wa 2017 ulionyesha kuwa mtu atiwaye goti akiwa na miaka 70 au zaidi ana hatari ya kiasi cha asilimia 5 tu ya kurudiwa katika umri wake wote uliobaki, ilhali mwanamume wa miaka hamsini na kidogo hukabiliwa na hatari ya kiasi cha asilimia 35. Basi kwa kijana wa makamo hoja ya kungoja ingali hai. Kwa bibi wa miaka 72 asiyelala kwa maumivu, hoja hiyo imekufa, na kumsomea tena ni kumwongezea adhabu bila faida.

Aidha kungoja kuna gharama yake. Misuli ya paja hunyauka, goti hukakamaa, na uchunguzi uliofanywa Boston na Montreal ulidhihirisha kwamba wale waliofika kupasuliwa wakiwa wamekwisha kudhoofika sana hawakuwafikia wenzao waliotangulia, hata baada ya miaka miwili. Wala sisemi watu wakimbilie kisu. Mwaka 2015 Wadenmarki walichapisha habari za wagonjwa 100: waliopasuliwa na kufanyishwa mazoezi walipata nafuu kubwa zaidi, lakini pia madhara mazito mengi zaidi, na katika wale waliopewa mazoezi, mafunzo, dawa na shauri la chakula peke yake, takriban robo tatu walimaliza mwaka bila kupasuliwa. Kadhalika imekwisha kujulikana kwamba kiasi cha mtu mmoja katika watano hakuridhika na goti lake jipya.

Upasuaji huu leo hufanywa pia kwetu, mathalani katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Mzee aendaye kutaka shauri na apeleke habari za usiku wake, za ngazi zake na za safari ya sokoni, wala asitosheke na picha ya eksirei, kwani goti baya katika picha huweza kuwa na maumivu haba. Na Mwislamu aulize mapema juu ya sujudu: goti jipya hukunjika vya kutosha kwa kiti na ngazi, lakini wengi huona taabu kupiga magoti juu yake, na sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kusali kitini, nalo ni jambo la kulijua na kuliridhia kabla ya nusukaputi.