Biliqo na Amani ya Arusha

Ukiufuata mto Ewaso Ng'iro kutoka Archers Post kuelekea Merti, unaingia nchi ya Waborana wa Waso. Biliqo ni mojawapo ya makao yao, katika wadi ya Chari, Kaunti ya Isiolo. Huku maisha ni mifugo na maji, na wazee wa dedha, baraza la malisho, ndio wanaoamua malisho ya kiangazi yafunguliwe lini. Lakini mambo makubwa ya nchi hii yameamuliwa mara nyingi na watu wasiowahi kunywesha hata mbuzi mmoja hapa.

Katika miaka ya 1930 Waingereza walichora mpaka wa kuwatenga Wasomali na Waborana. Waborana wa Waso wakabaki mbali na ndugu zao wa Marsabit na Ethiopia, na taratibu wakasilimu na kuwa karibu zaidi na majirani zao Wasomali. Kwa hiyo tume ya Uingereza ilipozunguka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini mwaka 1962 kuuliza wakazi wanataka nini, Waislamu wengi wa Isiolo walitaka kwenda na Somalia. Si wote. Haji Galma Dida, chifu Mborana aliyepinga kujitenga, aliuawa Juni 1963 pamoja na Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo.

London ilikuwa imeshaamua mwezi Machi kwamba eneo lote libaki Kenya, na Somalia ikavunja uhusiano wake na Uingereza. Mazungumzo ya Roma, Agosti mwaka huohuo, hayakuzaa kitu. Mwishoni mwa Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa kaskazini. Siku hizohizo damu ilikuwa ikimwagika Kupro, kisiwa ambacho nacho kilitoka mikononi mwa Waingereza, na jenerali wao akachora mstari wa kijani juu ya ramani ya Nicosia kuwatenga Wagiriki na Waturuki. Uturuki iliwahesabu Waturuki wa kisiwa kuwa watu wake, kama Mogadishu ilivyowahesabu Wasomali wa kaskazini mwa Kenya. Mwaka 1974 Ankara ilipeleka jeshi. Mogadishu ilipeleka silaha na matangazo ya redio, kwa waasi waliotaka kujitenga, walioitwa shifta.

Waso ililipa kwa mifugo. Wafugaji walikusanywa katika kambi za Garba Tulla, Merti na Modogashe, na wazee wanakiita kipindi hicho Gaaf Daba. Ngamia hula majani ya miti na anahitaji kutembea mbali. Ukimfungia karibu na kambi, miti ya jirani huisha na yeye hukonda mbele ya macho yako. Aliyemtoa nje ya mipaka ya kambi alihesabiwa shifta, na wanyama wengi walipigwa risasi na askari. Familia zilizokuwa na makundi ya ngamia zilitoka kambini zikitegemea chakula cha msaada. Huo ni ufukara uliotengenezwa kwa mkono wa binadamu, na inanichoma kuona unavyosimuliwa mara nyingi kana kwamba ulikuwa ukame.

Amani ilikuja kwa njia ya wakubwa. Nyerere alijaribu kuzipatanisha Kenya na Somalia Desemba 1965, akashindwa. Mohamed Ibrahim Egal alipokuwa waziri mkuu wa Somalia mwaka 1967, Kenneth Kaunda alimkutanisha na Kenyatta, na tarehe 28 Oktoba wakatia saini Arusha. Walikubaliana kulinda amani mpakani, kurejesha uhusiano wa kibalozi na kukomesha matangazo ya uhasama. Bunduki zilipungua, na hilo lilikuwa jema kubwa. Lakini juu ya ngamia wa Waso hapakuwa na neno. Huko Kupro, nyumba na mashamba yaliyoachwa ni miongoni mwa mafundo magumu ya kila mazungumzo, yakiwemo yale yaliyovunjika Crans-Montana mwaka 2017. Kenya ilifunga mlango kwa Sheria ya Kinga ya mwaka 1970, iliyowakinga maofisa na askari dhidi ya mashtaka kwa matendo yao kaskazini, Isiolo ikiwemo, tangu 25 Desemba 1963 hadi 1 Desemba 1967.

Swali la nani aulizwe kuhusu ardhi hii lilirudi tena kupitia hifadhi za jamii. Mwaka 2021 wakazi wa Merti walikwenda kortini, na Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo ikaamua kwamba hifadhi za Biliqo Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha katiba, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo.