Mazuku: mizimu, uchawi au gesi? Historia ya moto na upepo mbaya wa Goma

Familia inayokimbia vita Masisi au Rutshuru inapofika Goma, jambo la kwanza ni kutafuta pa kulala. Pande za Mugunga, Bulengo na Lac Vert, nafasi tambarare huisha upesi. Kinachobaki ni mawe ya volkano, na katikati ya mawe hayo kuna vibonde vidogo ambamo upepo hauingii. Mgeni anapaona pazuri pa kusimamisha shitingi yake. Mwenyeji akipita anamwambia: "Mama, usilale hapo. Hapo ni mazuku."

Watu wengi hufasiri neno hilo kuwa upepo mbaya. Asubuhi unaweza kukuta mbuzi amelala kibondeni kama aliyesinzia, bila jeraha wala damu. Kando yake kuna ndege aliyekufa. Hakuna moshi. Mtu akiona hivyo, swali la kwanza ni: nani amefanya? Wapo wanaojibu kwamba ni mizimu. Wapo wanaosema ni mchawi, tena yuko hapa hapa jirani. Na wapo, hasa vijana, wanaocheka na kusema hizo ni hadithi za wazee, kisha wanatandika mkeka humo humo.

Swali la kuamini au kutoamini ni la zamani sana chini ya milima ya Virunga. Kabla ya wazungu kuchora mipaka, ibada ya Ryangombe ilikuwa imeenea Rwanda na kuvuka hadi Kivu. Katika simulizi nyingi za ibada hiyo, waliopokewa ndani yake, wakifa, roho zao zilikwenda kupumzika na Ryangombe juu ya Karisimbi, mlima wa mita 4,507 ambao kichwa chake huwa cheupe kwa baridi mara kwa mara. Waliokataa walitupwa Nyiragongo, ndani ya moto. Kwa mtu aliyeona anga likiwa jekundu usiku juu ya mlima huo, maelezo hayo hayakuwa mchezo. Moto wenyewe alikuwa anauona.

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipanda Nyiragongo. Wamisionari waliokuja baadaye waliipinga ibada ya Ryangombe na kuiita kazi ya shetani. Mwaka 1948 mtaalamu Haroun Tazieff alifika kuchunguza shimo la juu, ambamo lilikuwamo ziwa la mawe yaliyoyeyuka, likichemka mchana na usiku. Wengi waliacha imani ya kale, lakini mlima haukubadilika.

Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa Nyiragongo ulipasuka. Ziwa lote la moto lilimwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ya mlima huu ni nyepesi kuliko ya volkano nyingine nyingi duniani. Kwenye mteremko mkali inaweza kukimbia kama gari, na siku ile ilifika kasi ya karibu kilomita 60 kwa saa. Vijiji vilifunikwa kabla watu hawajajua kinachokuja. Hata tembo walinaswa. Lava ilipopoa, mashimo yenye umbo la miili yao yalibaki ndani ya mawe.

Alhamisi tarehe 17 Januari 2002 moto uliingia ndani ya Goma yenyewe. Nyufa zilifunguka kutoka mlimani hadi karibu na mji, lava ikapita katikati ya maduka, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kufika ziwani. Kanisa kuu la Wakatoliki liliungua. Watu mamia ya maelfu walitoroka, wengi wakielekea Gisenyi. Baadhi walisema ni adhabu ya Mungu kwa mji wenye dhambi. Lakini lava ilifuata mteremko, ikachukua nyumba ya mwenye kusali na nyumba ya asiyesali. Siku chache baadaye makumi ya watu walikufa kituo cha mafuta kilipolipuka, wakati watu walikuwa wakichota mafuta karibu na lava iliyokuwa bado na moto.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena jioni. Safari hii lava ilisimama pande za Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Wengi waliokuwa wakisali usiku ule wanaamini kwamba sala ndiyo iliyoizuia, na hakuna mtu anayeweza kuwanyang'anya shukrani hiyo. Lakini baada ya hapo kulitokea jambo lingine la kukumbuka. Wapo waliojaribu kukatiza juu ya lava mpya ili kufika upande wa pili. Juu ilionekana nyeusi, kama imepoa. Chini yake kulikuwa bado na moto na gesi, na watu walikufa hapo.

Gesi ndiyo siri ya mazuku pia. Kutoka chini sana ardhini, gesi iitwayo kaboni dioksidi hupanda kupitia nyufa za mawe. Ina uzito wa karibu mara moja na nusu kuliko hewa, kwa hiyo haipandi juu kama moshi. Inatiririka na kutuama mahali pa chini, kama maji. Haionekani. Usiku na alfajiri, upepo ukitulia, inajaa zaidi. Jua likipanda na upepo ukivuma, inapungua, na mahali palepale panaonekana salama. Ndiyo maana mbuzi hufa na mwenye mbuzi aliyesimama kando yake akabaki hai: pua ya mbuzi iko chini. Pua ya mtoto nayo iko chini.

Ziwa Kivu nalo limebeba gesi hiyo kwenye vilindi vyake, pamoja na methani. Nchini Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos lilitoa gesi ya namna hiyo na watu zaidi ya 1,700 wakafa, wengi wakiwa usingizini. Wazee wa nyanda zile walikuwa na masimulizi ya kale kuhusu maziwa yanayolipuka na kuua. Wataalamu waliyasikiliza baada ya msiba. Na neno "mazuku" lenyewe, lililozaliwa huku Kivu, leo linaandikwa na wataalamu wa volkano katika nchi nyingi. Waliolitunga hawakuwa na mashine ya kupima gesi. Walikuwa wamehesabu wafu wao na kukumbuka mahali.

Hatari huja pale imani inapoacha kutazama mahali na kuanza kutafuta mtu. Mtoto akifa kibondeni na mjane wa jirani akaitwa mchawi, kutakuwa na maiti mbili, na gesi itabaki palepale ikingoja mtoto mwingine. Anayecheka neno la wazee naye hajapona: upepo mbaya haumuulizi kama anauamini.

Anayesali aendelee kusali. Lakini kabla ya kusimamisha shitingi, amuulize mama mzaliwa wa pale ni wapi mbuzi wake hawachungi. Majani yaliyokauka peke yake, wadudu na ndege waliokufa, moto unaozimika bila upepo: hizo ni dalili. Kitanda kiwe juu, si shimoni. Watoto wasitumwe kuokota kuni vibondeni alfajiri. Na mtu akianguka humo, usishuke kumfuata. Aliyeshuka kumvuta mwenzake mara nyingi hulala kando yake. Piga kelele, leteni kamba, vuteni mkiwa juu.