Chachu, Baridi na Munkoyo

Huko Kapolowe, karibu na Likasi, usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi, nayo baridi hukawiza kuchachuka kwa munkoyo, kinywaji cha mahindi ambacho wanga wake hugeuzwa sukari na mizizi ya porini. Anayeuliza PubMed, iliyofunguliwa bure kwa umma mwaka 1997, kuhusu chachu na baridi hupelekwa maabara: Sahara na wenzake wa Japani, mwaka 2002, walichunguza jeni za chachu iliyoshushwa hadi nyuzi 10 za Selsiasi. Mizizi ya munkoyo ilikwisha kuelezwa mwaka 1992, na Pauwels na wenzake, katika jarida la Ubelgiji la elimu ya mimea, kwa majina Eminia, Rhynchosia na Vigna. Kichwani mwa makala hiyo hamna neno chachu wala baridi.